Neno la leo: mpira

Bwiza, kama jirani yake Buyenzi, ni mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya kazi. Huko, fundi anayeifufua Peugeot 504, gari lililotoka kiwandani mara ya kwanza mwaka 1968, hufika siku ya kuhangaikia mpira wa mlango. Wa gurudumu ni mwingine, na wa uwanjani ni mwingine tena.

Neno hili ni la msituni. Mpira ni mmea wenye utomvu mweupe. Pwani ya Afrika Mashariki iliuza sana utomvu wa mitoria, mimea ya aina hiyo, katika karne ya 19. Baadaye jina likahamia kwenye vitu vingi vinavyonyumbuka. Kirundi nacho kinasema umupira.

Kunyumbuka huko ndiko humponza fundi. Akiuvuta mpira ili utoshe mzunguko wa mlango, utanywea baadaye na kuacha mwanya, hasa pembeni. Usivutwe; usukumwe kidogo kwenye kona. Kabla ya hapo gundi ya zamani ikwanguliwe yote, kutu ipigwe msasa, rangi ikauke. Kisha funga mlango ukiwa umebana kipande cha karatasi, ukivute: kikitoka bila kukaza, hapo maji ya masika yatapita, na sakafu ya gari itaoza chini ya zulia bila mtu kuona.

Wengine husema raba. Ni sahihi, ila mimi napenda mpira, kwa sababu bado unabeba mti wake.