Kikohozi cha jina la kuazima: kutoka Panama hadi Makambako



Ukishuka kwenye basi pale Makambako wakati wa kiangazi, vitu viwili vinakupokea: baridi na vumbi. Ni njia panda, wa Mbeya anapita, wa Iringa anapita, wa Njombe na Songea anakata kona. Sasa akipita mtu hapo stendi anayekohoa kwa wiki ya nne, amekonda, koti linampwaya, hakuna atakayeuliza anaumwa nini. Jibu lipo tayari. Watasema TB, halafu sauti itashuka kidogo na mwingine ataongeza, "si unajua tena."

Tusiwalaumu. Wamezika wengi. Utafiti wa kitaifa wa 2007-08 ulikuta mkoa wa Iringa, wakati huo Njombe ikiwa bado ndani yake, unaongoza nchini kwa maambukizi ya VVU kwa asilimia 15.7. Njombe ilipokuwa mkoa mwaka 2012 ikarithi nafasi hiyo ya kwanza: asilimia 14.8 katika utafiti wa 2011-12, na 12.7 katika ule wa 2022-23, wakati wastani wa taifa ulikuwa 4.4. Na palipo na VVU, TB haikai mbali. Kwa hiyo anayewaza TB anawaza vizuri.

Swali langu leo ni hili: je, kama si TB?

Kuna ugonjwa unaoitwa histoplasmosisi. Najua jina lenyewe linachosha ulimi. Unaletwa na fangasi anayeishi kwenye udongo, hasa udongo uliochanganyika na kinyesi cha ndege au popo. Ukifagia, ukichimba au ukikoroga udongo huo mkavu, mbegu zake ndogo sana zinapanda na vumbi, unazivuta, zinatua kwenye mapafu. Hauambukizwi kwa kukoholeana. Mtu mwenye kinga nzuri mara nyingi hajui hata kama aliupata, au anaumwa kama mafua makali kisha anapona. Lakini kinga ikiwa imeshuka sana, fangasi anatoka kwenye mapafu na kusambaa kwenye ini, bandama na uboho. Homa, kikohozi, jasho la usiku, kukonda. Mnaona tatizo? Orodha hiyo ukimpa mtu yeyote pale stendi, atakwambia hiyo ni TB.

Na hapa ndipo historia inapokuwa tamu, kwa sababu ugonjwa huu ulianza kudhaniwa TB siku ile ile ulipogunduliwa.

Mwaka 1905 daktari Mmarekani Samuel Darling alikuwa Panama, wakati wa ujenzi wa ule mfereji maarufu. Mwezi Desemba akapasua maiti ya kibarua mmoja aliyetoka kisiwa cha Martinique. Mapafu yamejaa vinundu vidogo vidogo. Akadhani ni kifua kikuu kilichosambaa mwilini. Alipoangalia kwa darubini hakuona bakteria wa TB, bali vidude vya mviringo vimejazana ndani ya seli. Mwaka 1906 akavipa jina, Histoplasma capsulatum, akiamini ni vijidudu vya jamii ya vile vinavyoleta malaria na leishmania, tena vyenye ganda. Alikosea yote mawili, si vya jamii hiyo wala ganda halipo. Mwaka 1912 Mbrazili Henrique da Rocha Lima, aliyekuwa akifanya kazi Hamburg, akasema hebu tuangalie vizuri, huyu anafanana na fangasi. Ikabidi kusubiri hadi 1934, pale William De Monbreun wa Tennessee alipomwotesha maabara na kuthibitisha.

Hata hapo madaktari wengi waliuona kama ugonjwa wa nadra wa kuua, basi. Mambo yaligeuka mwaka 1945. Huko Marekani kulikuwa na watu wengi ambao picha za kifua chao zilionyesha makovu kama ya TB, lakini wakipimwa TB ngozi haijibu. Amos Christie na J. C. Peterson wa Tennessee, na Carroll Palmer katika utafiti wake, wakawapima kwa kipimo cha ngozi cha histoplasmosisi. Wengi wao wakajibu. Kumbe maelfu kwa maelfu ya watu walikuwa wameupata na kupona bila kujua, na makovu yao yakaandikwa kwa jina la TB. Mwaka 1949 Chester Emmons akampata fangasi mwenyewe kwenye udongo wa Virginia.

Hayo ya Marekani, utasema. Sisi yanatuhusu nini?

Subiri. Mwaka 1952, Kongo wakati huo ikiwa koloni la Wabelgiji, fangasi wa aina ya pili alielezwa na kupewa jina la Albert Dubois: duboisii. Huyu ni wa kwetu Afrika, na hupenda zaidi ngozi, tezi na mifupa. Yule wa kwanza, wa mapafu, hakuwa mbali naye. Mwaka 1960, Tanganyika ikiwa imebakiza mwaka mmoja kupata uhuru, jarida la Kimarekani la magonjwa ya tropiki lilichapisha makala ya Libero Ajello, P. E. C. Manson-Bahr na J. C. Moore. Kichwa chake kilitaja mahali ambapo kila aliyesoma Tanga amewahi kupelekwa na mwalimu: mapango ya Amboni. Walikuwa wanaitangaza Amboni kuwa eneo jipya la fangasi huyu.

Amboni ile ile tunayohadithiwa kwamba Osale Otango alijificha humo akiwakimbia polisi wa mkoloni. Popo wamejaa humo, na chini ya popo kuna udongo uliorutubishwa na kinyesi chao. Watalii wanaingia, wanafunzi wanaingia, wanaokwenda kutambika wanaingia.

Kwa hiyo tangu kabla ya Uhuru ilishaandikwa kwamba fangasi huyu yumo kwenye udongo wa nchi hii. Yakapita zaidi ya miaka arobaini. Watafiti huko Moshi wakachukua sampuli za damu za wagonjwa waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili kati ya 2007 na 2008, wakazipima histoplasmosisi. Matokeo yalichapishwa 2012: wagonjwa 9 walionekana kuwa nao. Idadi ndogo, utasema. Sawa. Lakini mimi kilichonishika ni kitu kingine. Kati ya hao 9, hakuna hata mmoja ambaye wodini aliandikiwa ugonjwa huo. Wengi walihesabiwa kuwa na TB au nimonia. Darling na darubini yake alichukua muda mfupi kugundua amekosea. Sisi, zaidi ya miaka mia baadaye, mgonjwa anaweza kuugua mwanzo hadi mwisho kwa jina la kuazima.

Sasa turudi Njombe. Moshi si Makambako na Amboni si Lupembe, hilo nalijua. Lakini vitu viwili vinavyoufanya ugonjwa huu uwe hatari tunavyo. Cha kwanza ni kinga iliyoshuka, na takwimu za VVU nimeshazitaja. Cha pili ni vumbi la kinyesi cha ndege. Siku hizi nyuma ya nyumba nyingi za mjini kuna banda la kuku, na mbolea ya kuku inabebwa kwenye viroba kwenda kwenye viazi, mahindi na maparachichi. Nani anafagia banda? Mara nyingi ni mama, au kijana aliyemaliza shule na hajapata kazi. Anafagia kukiwa kukavu, mdomo wazi.

Akiugua, akaanzishiwa dawa za TB, na mwezi wa pili hajapata nafuu, tunasemaje? Tunasema hamezi dawa. Tunasema anakunywa pombe. Wengine wanasema amerogwa. Mgonjwa anabeba homa, na juu ya homa anabeba lawama. Hili ndilo linaloniuma zaidi.

Na dawa zipo duniani. Amphotericin B kwa aliyezidiwa, kisha itraconazole ya vidonge. Itraconazole iliingia kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu mwaka 2017. Kipimo cha kutafuta chembe za fangasi huyu kwenye mkojo au damu kikaingia kwenye orodha ya vipimo muhimu mwaka 2019. Mwaka 2020 ukatoka mwongozo wa kutibu ugonjwa huu kwa wenye VVU, na 2022 fangasi huyu akawekwa kundi la kipaumbele cha juu kati ya fangasi wanaotishia afya ya binadamu. Karatasi hazijakosekana. Kazi iliyobaki ni kuvitoa kwenye karatasi vifike wodini, mgonjwa alipo.

Sisemi mtu aache dawa za TB, jamani, msininukuu vibaya. TB ipo na inaua, na aliyeanzishiwa dawa azimalize kama alivyoelekezwa. Ninachosema ni hiki. Kabla ya kufagia banda mwagia maji vumbi litulie, na jifunge barakoa. Kama una VVU na kinga iko chini, kazi hiyo mwachie mwingine, na mapango ya popo yaache. Makohozi yakipimwa yakakosa TB, au dawa zikikataa, mwambie daktari unafuga kuku au uliingia pangoni. Ni sentensi moja tu, lakini inaweza kumfanya afikirie jina ambalo hakulifikiria.

Na wewe unayesubiri basi pale njia panda, ukimwona anayekohoa, usiharakishe kumpa jina. Hata Darling alianza na TB. Tofauti ni kwamba aliangalia tena.