Figo moja inatosha? Hesabu ya Moshi ni nyingine

Upasuaji wa kutoa figo ulianza na ushahidi ambao baadaye uligeuka kisingizio. Agosti 2, 1869, huko Heidelberg, Ujerumani, daktari wa upasuaji Gustav Simon alimtoa mwanamke mmoja figo nzima, baada ya kujaribu kwanza kwa mbwa. Haikuwa saratani, ilikuwa fistula ya mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo, tatizo ambalo wodi za hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, zinalifahamu vizuri. Mgonjwa akapona, na ikathibitika kwamba binadamu anaweza kuishi na figo moja. Mwaka 1887, mjini humohumo, Vincenz Czerny alikata uvimbe peke yake akaiacha sehemu yenye afya ya figo mahali pake. Hata hivyo njia ya kung'oa ndiyo iliyotawala, na sababu inaeleweka: figo hupitisha takriban sehemu moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo, kwa hiyo kuikata katikati ni kukata bomba lenye maji. Daktari wa upasuaji Robson wa Toronto alipochapisha mwaka 1969 matokeo yake ya kutoa figo pamoja na mafuta yanayoizunguka, mjadala ulionekana kufungwa.

Hapa ndipo historia husimuliwa vibaya, kana kwamba upasuaji wa matundu madogo na kuokoa figo vilizaliwa siku moja. Ralph Clayman alipotoa figo kwa matundu mwaka 1990 huko St. Louis, Marekani, aliitoa nzima. Kuacha sehemu yake kwa njia hiyo kulikuja baadaye, kwa sababu kushona figo ukitazama skrini, huku mshipa wa damu umebanwa na dakika zinahesabiwa (zikizidi takriban 30 bila kuipoza, figo huanza kuumia), ni kazi ngumu kuliko kung'oa. Kwa miaka kadhaa, basi, kulikuwa na wagonjwa waliopata kovu dogo wakapoteza kiungo kizima. Ndiyo maana nasema kinachomfaa mgonjwa wa Moshi kwanza ni figo iliyobaki. Ukubwa wa kovu unafuata nyuma, mbali kidogo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipima watu wazima 481 wa Moshi Mjini na Moshi Vijijini. Dalili za ugonjwa sugu wa figo zilionekana kwa asilimia 15.2 ya wa mjini na asilimia 2 ya wa vijijini, na karibu tisa kati ya kumi wa wenye ugonjwa hawakuwa wanajua. Upandikizaji wa figo nchini ulianza mwaka 2017 tu, katika hospitali ya Muhimbili, na gharama ya kusafisha damu kila wiki inaweza kumaliza shamba la kahawa. Anayesema "figo moja inatosha" anadhani ya pili ni nzima.

Mpinzani ana hoja nzito. Jaribio la Ulaya lililotolewa mwaka 2011, likiwa na wagonjwa 541 wenye uvimbe wa figo, halikuonyesha kwamba walioachiwa figo waliishi zaidi. Miaka kumi baadaye waliotolewa figo nzima walikuwa mbele kidogo. Matokeo hayo hayafai kufichwa. Lakini washiriki walichaguliwa wakiwa na figo ya pili inayofanya kazi vizuri, sharti ambalo mtu wa mjini Moshi mwenye presha na sukari huenda asilitimize. Hoja kwamba vifaa havitoshi ni nyepesi zaidi: Czerny hakuwa na kamera. Barafu, kibano cha mishipa, uzi mzuri, damu ya akiba na mkono uliofundishwa vinatosha kuokoa figo kwa upasuaji wa wazi. Idara ya njia ya mkojo ya KCMC, iliyokuzwa na Mmarekani Lester Eshleman, imefundisha madaktari wa upasuaji kwa miongo kadhaa.

Inayobaki ni hoja ya wagonjwa kuchelewa kufika hospitali, na hiyo sina jibu la kuipangua. Uvimbe unaoshikika tumboni kwa mkono kwa kawaida umeshapita kipimo cha kuokoa figo. Nafasi ya kuiokoa ipo kwenye ule wa chini ya sentimita 4, ambao hauumi, na huonekana kwa bahati mtu anapopigwa ultrasaundi kwa ajili ya jambo jingine kabisa.