Gari Iliyoshinda Safari Haikuwa ya Bei Ghali

Wasee, Safari Rally ikifika Naivasha, kila mtu hapa Mashimoni anageuka injinia. Tunabishana kwa kibanda cha chai mpaka mama mwenye kibanda anatuzimia stima. Na kila mwaka lazima mtu aseme: "Gari poa ni doo. Ukitaka spidi na starehe, lipa. Ukitaka rahisi, kubali kuteseka." Leo nataka kupinga hiyo maneno, na ushahidi wangu ni wa hapa hapa kwetu.

Turudi 1971. Siku hizo Safari ilikuwa mbio za Pasaka, maelfu ya kilomita za vumbi na matope kwenye barabara za kawaida za Afrika Mashariki. Porsche walileta 911 zao. Aliyeshinda ni Edgar Herrmann, pamoja na msaidizi wake Hans Schüller, wakiwa na Datsun 240Z. Namba mbili? 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta. 1973 Mehta mwenyewe akashinda na 240Z, mwaka mmoja tu baada ya Amin kufukuza Wahindi kutoka Uganda, nchi aliyozaliwa. Porsche walishika namba mbili 1972, 1974 na 1978. Siku hizo zote hawakushinda Safari hata mara moja.

Sasa cheki bei. Marekani, mwaka wa 1970, 240Z mpya ilikuwa dola 3,526. Porsche 911 ilikaribia mara mbili ya hiyo. Na usidhani 240Z ilikuwa mkebe: nguvu za farasi 151, karibu kilomita 200 kwa saa, na kila gurudumu lilikuwa na saspensheni yake, kwa hivyo tairi moja ikiingia kwa shimo gari yote haitupwi kando.

Waliwezaje? Kwanza, injini hawakuianza kutoka sifuri. Nissan walikuwa na Datsun 1600, gari ya kawaida ya familia, silinda nne. Walichukua muundo huo huo, wakaongeza silinda mbili, ikawa lita 2.4. Na hiyo 1600 si mgeni kwetu, ndiyo Herrmann alishinda nayo Safari ya 1970. Pili, waliokoa pesa mahali dereva hasikii sana. Breki za mbele zilikuwa za diski, za nyuma zikabaki za dramu. Viti vilikuwa vya vinili, si ngozi. Lakini injini, usukani, saspensheni na umbo la gari hawakucheza navyo. Makosa yalikuwepo pia: bodi ilishika kutu haraka. Hakuna kitu cha bure.

Hii kitu mafundi wa makochi pale Ngong Road wanaijua bila kwenda Japani. Nyuma ya kochi, upande unaotazama ukuta, fundi anaweka kitambaa cha bei ya chini. Pale unakalia, anaweka sponji nzuri. Anayeweka sponji mbaya pale unakalia, hutarudi kwake.

Lakini kuna jambo moja ambalo kwa kibanda cha chai huwa tunaruka. Ili uazime injini ya gari ya kawaida, lazima kwanza uwe unatengeneza gari ya kawaida. Nissan walikuwa na viwanda, spea na wateja tayari. 240Z ilikaa juu ya mabega ya gari za watu wa kawaida, na ndiyo maana ziliuzwa zaidi ya 140,000 kufikia 1973.

Sisi pia tulijaribu. 1986 Rais Moi aliagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kutengeneza gari, na 1990 Nyayo Pioneer ikaonyeshwa kwa wananchi. Gari tano za majaribio, zikafika kilomita 120 kwa saa. Watu huzicheka, mimi siwezi. Wale mainjinia walifanya kazi yao. Lakini wao wenyewe hawakuwa na kiwanda kinachotoa maelfu ya kitu chochote chenye injini, na pesa za kukijenga hazikupatikana. Walianzia kwa paa, nyumba haina msingi.

Ndiyo maana nakasirika nikisikia vijana wenzangu wakidharau pikipiki za umeme zinazounganishwa hapa Nairobi. Eti hiyo si teknolojia, ni kufunga nati tu. Buda, hata Datsun 1600 ilikuwa gari ya kupeleka watoto shule. Kama siku moja Mkenya atajenga gari ya michezo yenye starehe na bei ya maana, itatoka kwa watu waliofunga nati hizo elfu kumi, wakajua ni gani inakatika na ni gani inaweza kuwa ya bei rahisi.

Kwa hivyo mwaka ujao mtu akisema gari poa ni doo, muulize tu: 1971 nani alishinda?