Kizimba cha Denver
Tarehe 12 Novemba 1993, wanaume 8 walikutana Denver, Marekani, kupigana kwenye kizimba cha pembe nane hadi abaki mmoja usiku uleule. Hapakuwa na majaji wala madaraja ya uzito. Kung'ata na kutia vidole machoni ndiyo yaliyokuwa makatazo makuu. Pambano la kwanza halikufika hata nusu dakika: teke la Mholanzi Gerard Gordeau lilimng'oa jino mwanasumo Teila Tuli.

Bingwa akawa Royce Gracie, Mbrazili mwembamba wa jiujitsu.

Desemba 1994, katika mashindano mengine ya aina hiyo, Gracie alilaliwa na Dan Severn, mcheza mieleka aliyemzidi uzito kwa mbali, kwa dakika 15 hivi. Kisha akampiga kabali kwa miguu. Uvumilivu wa ajabu! Lakini muda wa matangazo ulikuwa umekwisha, na watazamaji wengi majumbani hawakuuona mwisho. Mwaka uliofuata mapambano yakawekewa kikomo cha muda.

Seneta John McCain naye aliwahimiza magavana wayapige marufuku. Kwa kweli, shinikizo hilo ndilo lililouokoa mchezo: madaraja ya uzito na glavu za lazima zilikuja 1997, raundi za dakika 5 zikafuata 1999.