Majarida ya Mashabiki: Historia ya Vijitabu vya Hadithi za Kutisha na Waliovihifadhi

Majarida ya mashabiki ni machapisho madogo yanayotolewa na wasomaji wenyewe, kwa fedha zao na kwa mikono yao, kuhusu aina ya fasihi wanayoipenda. Katika uwanja wa hadithi za ajabu na za kutisha, majarida hayo yamekwenda sambamba na vijitabu vya kurasa chache vilivyotolewa na wachapishaji wadogo, mara nyingi mtu mmoja mwenye mashine moja nyumbani kwake. Nakala zilikuwa chache, karatasi ilikuwa hafifu, na wasomaji walifahamiana kwa majina. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi zinazohesabiwa leo kuwa msingi wa fasihi ya kutisha ya Marekani ilipitia humo, na ipo hadi sasa kwa kuwa walikuwepo watu waliokataa kuitupa. Ndiyo maana historia ya kuvichapa vijitabu hivi haitengani na historia ya kuvikusanya.

Wachapishaji wa ridhaa

Chimbuko la desturi hii liko katika karne ya 19. Katika miaka ya 1860 na 1870, mashine ndogo za kuchapia zinazowekwa juu ya meza zilianza kuuzwa Marekani kwa bei ambayo hata vijana waliweza kuimudu. Walipanga herufi za risasi moja moja, wakachapa vigazeti vyao na kubadilishana kwa posta. Mwaka 1876 waliunda chama chao mjini Philadelphia, National Amateur Press Association. Mwaka 1895 kikafuata cha pili, United Amateur Press Association. Hakuna aliyelipwa. Aliyepokea jarida la mwenzake alitarajiwa kumpelekea lake, au walau barua ya maoni.

H. P. Lovecraft wa Providence, Rhode Island, alijiunga na chama hicho cha pili mwaka 1914, akiwa na umri wa miaka 23, hana kazi wala marafiki wengi. Kati ya 1915 na 1923 alitoa matoleo 13 ya jarida lake, The Conservative. Aliyemhimiza kurudia kuandika hadithi alikuwa mwanachama mwenzake, mchapishaji W. Paul Cook, na hadithi kadhaa za mwanzo za Lovecraft zilitoka katika majarida ya ridhaa kabla hajauza hata moja kwa jarida la biashara. Mwaka 1927 Cook alitoa toleo pekee la jarida lake The Recluse, lililobeba insha ndefu ya Lovecraft kuhusu historia ya hadithi za kutisha. Insha hiyo, inayosomwa vyuoni hadi leo, ilianzia katika jarida lisilokuwa na biashara yoyote nyuma yake.

Barua na anwani

Majarida ya biashara yaliyochapwa kwenye karatasi ya bei rahisi yaliongeza wasomaji. Weird Tales lilianza Chicago mwezi Machi 1923, na Amazing Stories la Hugo Gernsback likafuata mwezi Aprili 1926. Gernsback alichapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao kamili. Jambo hilo dogo lilikuwa na matokeo makubwa: msomaji wa mji mmoja aliweza kumwandikia msomaji wa mji mwingine bila kupitia kwa mhariri. Vikundi vikaundwa, na mwezi Mei 1930 klabu moja ya wasomaji ikatoa The Comet, linalohesabiwa na wengi kuwa jarida la kwanza la mashabiki.

Kwa upande wa hadithi za kutisha, jarida la mwanzo lilikuwa The Fantasy Fan, lililohaririwa na Charles D. Hornig alipokuwa na umri wa miaka 17. Lilitoka kila mwezi kuanzia Septemba 1933 hadi Februari 1935, matoleo 18 kwa jumla. Lovecraft, Clark Ashton Smith na Robert E. Howard, waliokuwa nguzo za Weird Tales, waliandika humo bure. Insha ya Lovecraft iliyokuwa katika The Recluse ilianza kutolewa humo kwa mfululizo, ikiwa imefanyiwa marekebisho, lakini jarida lilikufa kabla haijamalizika. Mkusanyaji mwenye matoleo yote 18 ana mazungumzo ya waandishi hao na wasomaji wao katika mwaka mmoja na nusu ambao hakuna kitabu kilichoweza kuurudia.

Mashine zilizoamua idadi

Uhaba wa majarida haya ulitokana kwanza na namna yalivyotengenezwa. Aliyekuwa na fedha kidogo kabisa alitumia hektografu. Ukurasa uliandikwa kwa wino maalumu, kwa kawaida wa zambarau, ukakandamizwa juu ya sinia la jeli. Jeli ilinyonya wino, kisha karatasi tupu zikalazwa juu yake moja baada ya nyingine na kubanduliwa. Kila karatasi ilitoka hafifu kuliko iliyotangulia, na baada ya nakala 50 hivi hapakuwa na cha kusomeka. Wino huo pia hufifia ukipigwa na mwanga.

Mashine ya kudurufu kwa stensili, ile ile iliyochapa mitihani ya shule na nyaraka za ofisi Afrika Mashariki kwa miongo mingi, ilitoa mamia ya nakala. Ilihitaji karatasi nene yenye kunyonya wino, na karatasi ya namna hiyo iliyo ya bei rahisi hugeuka rangi ya kahawia na kukatika kingo. Ofseti ilipoenea katika miaka ya 1960 na fotokopi katika miaka ya 1970, kazi ikawa nyepesi na picha zikawa bora. Mkusanyaji mzoefu hushika jarida na kutambua mbinu iliyotumika kabla ya kusoma tarehe.

Kizuizi kingine kilikuwa utaratibu wa usambazaji. Mwaka 1937 Donald Wollheim na John Michel waliunda Fantasy Amateur Press Association. Kila mwanachama alidurufu kurasa zake kwa idadi iliyopangwa na kuzituma kwa mhariri, naye akafunga vifurushi na kumrudishia kila mmoja kifurushi chenye kazi za wote, mara nne kwa mwaka. Jarida lililotolewa kwa njia hiyo lilikuwa na nakala kadiri ya idadi ya wanachama, yaani makumi tu. Utaratibu huo uliigwa na wengine, kikiwemo chama cha wasomaji wa Lovecraft kilichoanza mwaka 1973, Esoteric Order of Dagon.

Vijitabu vitatu

Vijitabu vitatu vya miaka ya 1920 na 1930 vinaonyesha vizuri hali ya uchapishaji mdogo. Cha kwanza ni The Double Shadow and Other Fantasies cha Clark Ashton Smith. Mwaka 1933 Smith aliwalipa wachapaji wa gazeti la mji wake, Auburn Journal huko California, wamchapie nakala 1,000 zenye hadithi sita. Aliziuza kwa senti 25 na kuzituma kwa posta yeye mwenyewe. Makosa ya uchapaji yalikuwa mengi, naye akayasahihisha kwa kalamu, nakala baada ya nakala. Kwa hiyo nakala nyingi zilizobaki zina mwandiko wa mwandishi, na kasoro ya kiwandani imekuwa sababu mojawapo ya kijitabu hicho kutafutwa.

Cha pili ni The Shadow over Innsmouth cha Lovecraft, kilichotolewa mwaka 1936 na William L. Crawford huko Pennsylvania. Zilichapwa nakala zipatazo 400, lakini 200 hivi tu ndizo zilizojalidiwa. Makosa yalikuwa mengi kiasi kwamba ililazimu kuchapwa karatasi ya masahihisho, na mkusanyaji wa leo huuliza kwanza kama karatasi hiyo ipo ndani. Hicho ndicho kitabu pekee cha hadithi zake kilichotolewa na kujalidiwa kwa ajili ya kuuzwa Lovecraft akiwa hai. Alifariki tarehe 15 Machi 1937.

Cha tatu, The Shunned House, nacho cha Lovecraft, kina historia ndefu zaidi. W. Paul Cook alikichapa mwaka 1928, nakala zipatazo 300, lakini fedha na afya vilimwishia kabla ya kuzijalidi. Karatasi zilikaa zimekunjwa kwa miaka. Katikati ya miaka ya 1930 sehemu kubwa ilifika mikononi mwa kijana wa Florida, R. H. Barlow, aliyejalidi chache sana kwa mkono. Baadaye mzigo uliobaki ulihamia kampuni ya Arkham House, iliyouza nakala zipatazo 50 bila jalada mwaka 1959 na nyingine 100 zilizojalidiwa mwaka 1961. Kitabu kimoja kilichopigwa chapa mara moja kina hivyo sura kadhaa: karatasi zisizojalidiwa, nakala za Barlow, na nakala za Arkham House. Nakala bandia nazo zilijitokeza, na ndiyo maana wanunuzi makini huchunguza karatasi yenyewe wala hawategemei jalada.

Barlow na Arkham House

Barlow anastahili nafasi ya pekee katika historia ya ukusanyaji. Alianza kumwandikia Lovecraft mwaka 1931, akiwa na umri wa miaka 13, kwa lengo la kupata hati za hadithi. Lovecraft alichukia kazi ya kupiga taipu. Barlow akajitolea kumpigia, na yeye akabaki na miswada ya mkono. Pia alitoa majarida yake, The Dragon-Fly na Leaves, aliyokusanyia kazi ambazo zingepotea. Baada ya kifo cha Lovecraft, yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa maandishi yake, na aliyapeleka katika maktaba ya John Hay ya Chuo Kikuu cha Brown. Utafiti wote wa kitaaluma juu ya Lovecraft uliofuata umesimama juu ya uamuzi huo wa kijana ambaye mwanzoni alikuwa mkusanyaji tu.

Waandishi August Derleth na Donald Wandrei walichukua njia nyingine. Wachapishaji wakubwa walipokataa mkusanyo wa hadithi za Lovecraft, waliunda Arkham House huko Sauk City, Wisconsin, na mwaka 1939 wakatoa The Outsider and Others, nakala 1,268 kwa dola 5 kila moja. Ilichukua miaka kadhaa nakala hizo kumalizika. Leo moja iliyo nzima na yenye kava lake la karatasi huuzwa kwa maelfu ya dola.

Wimbi la pili

Wimbi jipya lilianza miaka ya 1960 na kukua pamoja na ofseti na fotokopi. Hadithi ya kwanza ya Stephen King kuchapishwa ilitoka mwaka 1965 katika jarida dogo la mashabiki, Comics Review. W. Paul Ganley alianzisha Weirdbook mwaka 1968, Harry O. Morris akaanzisha Nyctalops mwaka 1970, na Stuart David Schiff akatoa Whispers kuanzia 1973. Kampuni ya Morris, Silver Scarab Press, ndiyo iliyotoa kitabu cha kwanza cha Thomas Ligotti, Songs of a Dead Dreamer, katika nakala 300 tu. Mwaka 1976 Marc Michaud alianzisha Necronomicon Press huko Rhode Island. Vijitabu vyake vilivyobanwa kwa pini viliyarudisha mikononi mwa wasomaji maandishi yaliyokuwa yamefungiwa katika majarida ya ridhaa, likiwemo The Conservative.

Uingereza ilikuwa na mkondo wake. British Fantasy Society iliundwa mwaka 1971. Rosemary Pardoe alitoa Ghosts & Scholars kuanzia 1979 hadi 2001, matoleo 33 yaliyojikita katika hadithi za mizimu kwa mtindo wa mwandishi M. R. James. Jarida hilo lilichapisha hadithi mpya pamoja na tafiti makini, na watafiti wa James bado wanalirejelea.

Soko na hifadhi

Mkusanyaji hawezi kutafuta asichokijua, hivyo orodha zilikuwa na umuhimu mkubwa. Bob Pavlat na Bill Evans walikusanya katika miaka ya 1950 faharasa ya majarida ya mashabiki yaliyojulikana hadi wakati huo. Mwaka 1979 muuza vitabu Lloyd W. Currey alitoa bibliografia ya chapa za kwanza inayowasaidia wanunuzi kutofautisha chapa na chapa. Mahali pa kukutania palikuwa mikutano ya mashabiki: ule wa kwanza wa dunia wa hadithi za kisayansi ulifanyika New York mwaka 1939, na World Fantasy Convention ikaanza Providence mwaka 1975. Katika kumbi za wauzaji, majarida yalibadilishana mikono na wageni walijifunza thamani yake kutoka kwa wazee.

Utunzaji una kanuni zake. Pini za chuma hushika kutu na kula karatasi. Nakala za hektografu huwekwa gizani. Wino wa fotokopi hunata kwenye mifuko ya plastiki isiyofaa. Mifuko isiyo na kemikali zinazodhuru karatasi na masanduku yasiyo na asidi ndivyo vifaa vinavyopendekezwa. Hatari kubwa zaidi ni kifo cha mwenye mali, kwa kuwa warithi wasiojua huona rundo la karatasi kuukuu. Hata mkusanyo maarufu wa Forrest J Ackerman wa Los Angeles haukubaki pamoja: sehemu kubwa iliuzwa kipande kipande kabla hajafariki mwaka 2008.

Vyuo vikuu vimeziba sehemu ya pengo hilo. Mkusanyo wa Eaton katika Chuo Kikuu cha California, Riverside, una makumi ya maelfu ya majarida ya mashabiki, mengi yakitokana na makusanyo ya watu binafsi kama Bruce Pelz na Terry Carr. Chuo Kikuu cha Iowa kilipokea mkusanyo wa Rusty Hevelin na kuanza kupiga picha kurasa za maelfu ya majarida yake. Picha hizo zinampa msomaji wa mbali maneno ya kwenye ukurasa. Aina ya karatasi, masahihisho ya kalamu, muhuri wa posta na jina la mpokeaji wa kwanza hubaki katika nakala halisi, na kwa sababu hiyo maktaba na wakusanyaji wanaendelea kuzitunza zote mbili.