Ushahidi Ulipofutwa: "24", Kibanda cha Video cha Matuu na Swali la Nakala

Najua niliahidi kwamba leo tungeendelea na somo la hifadhidata. Tutafika huko. Wiki hii nimeshinda nikihangaika na mteja mmoja aliyekuwa ameweka kumbukumbu za biashara yake za miaka mitatu kwenye kompyuta moja, chini ya meza moja, karibu na ndoo ya kupigia deki. Diski ikafa. Nakala? Hakuna. Nilipomwuliza kwa nini, akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua hainyeshi Januari.

Nikiwa njiani kurudi nyumbani nikakumbuka kwamba swali hilo mimi sikulisikia mara ya kwanza chuo kikuu. Nililisikia Matuu, mwaka 2008, nikiwa na miaka kumi, ndani ya kibanda cha video. Kwa hiyo leo ni historia kidogo. Vumilieni.

Kwa wasiopajua, Matuu ni mji ulioko kwenye barabara ya kutoka Thika kwenda Garissa, upande wa Yatta, Machakos. Ukame tunaujua, lakini kuna mfereji wa Yatta, uliochimbwa miaka ya 1950 kwa jasho la mahabusu wa wakati wa Mau Mau, na ndio unaotupa nyanya na mapapai. Umaarufu wetu unaishia hapo. Hakuna aliyewahi kuja Matuu kuuliza watu wanaonaje tamthilia za ujasusi za Marekani. Ndiyo maana naandika mimi.

Tamthilia yenyewe ni "24". Ilianza kuonyeshwa Marekani Novemba 2001, na mtindo wake ni huu: msimu mmoja una sehemu 24, kila sehemu ni saa moja ya siku ileile, na saa ya kidijitali inahesabu sekunde mbele ya macho yako. Jack Bauer, anayeigizwa na Kiefer Sutherland, ana siku moja tu ya kuokoa watu. Hali, halali, haendi msalani.

Msimu wa tano ulionyeshwa Marekani kuanzia Januari mpaka Mei 2006, na mwaka huohuo ukashinda tuzo ya Emmy ya tamthilia bora. Sisi ulitufikia likizo ya Aprili 2008, ndani ya bahasha ya plastiki, diski mbili.

Kwa nini mbili? Hapa niruhusuni nifanye hesabu, maana ndiyo kazi yangu. Walioinakili video wakati ule walipenda kuibana kila sehemu mpaka ifike megabaiti 350 hivi, ili mbili zienee kwenye CD moja ya megabaiti 700. Sehemu 24 zinakuwa gigabaiti 8.4. DVD ya kawaida inabeba gigabaiti 4.7, yaani sehemu 12 na nafasi kidogo inabaki. Basi diski ya kwanza mchana, diski ya pili usiku! Mmarekani alisubiri siku saba kati ya sehemu moja na nyingine. Sisi tuliingia saa nane mchana na diski ya pili, shilingi kumi kila kichwa, na tulipofika sehemu ya 21 ilikuwa saa tatu kasoro usiku. Ukiondoa matangazo, kila sehemu ni dakika 42 hivi. Zidisha kwa tisa, ongeza muda wa diski kukwama na kupakwa dawa ya meno, utaona hesabu inakubali.

Sharti mwelewe pia habari ya lugha. Vibanda vya Kenya vilizoea filamu zilizotiwa sauti ya DJ Afro, anayekusimulia kila ngumi kwa Kiswahili cha mtaani. "24" ilikuja bure, Kiingereza kitupu, na cha haraka. Kwa hiyo mwenye kibanda alimweka mbele kijana mmoja aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, akaingia bure kwa sharti kwamba atatafsiri. Alitafsiri kwa Kiswahili, akikosa neno anaruka kwenye Kikamba. Hata saa aliitafsiri. Skrini ikiandika 03:00, yeye anasema, "Sasa ni saa tisa usiku, watu wa kwao wamelala."

Na rekodi je? Hapa ndipo mambo yalipo. Sehemu kubwa ya diski ile ya pili inazunguka rekodi moja ya simu inayomfunga Rais Charles Logan na kifo cha rais wa zamani, David Palmer. Watu wanakufa kwa ajili yake. Jack anateka ndege kwa ajili yake. Kijana wetu hakusema "rekodi" hata mara moja. Alisema "ushahidi". "Ushahidi uko benki." "Ushahidi umechukuliwa." "Jack ameupata ushahidi!" Kibanda kizima kikapiga makofi.

(Kama hujaitazama na unaogopa kuharibiwa utamu, pole. Umekuwa na miaka karibu ishirini.)

Sasa sehemu ya 21, saa tisa mpaka saa kumi usiku kwa saa za hadithi. Ushahidi umefika ofisi za CTU, kitengo cha kupambana na ugaidi. Rais Logan anajua amekwisha. Amejifungia ofisini, bastola mezani, yuko tayari kujiua. Tukanyamaza kabisa. Ndipo afisa mmoja pale CTU, Miles Papazian, anayetaka kujipendekeza kwa wakubwa, anaufuta ushahidi kwa siri, kisha anampigia Rais simu. Bastola inarudishwa. Rais anapumua. Saa inalia tik, tik, tik.

"Wooooi!"

Hiyo ilikuwa sauti ya watu wapatao arobaini kwa pamoja. Mtu alirusha kandambili. Mwingine akaapa kwamba Jack atamla Miles mbichi, maana staringi hashindwi. Halafu nyuma kabisa, mama mmoja muuza mandazi ambaye alikuwa amekuja tu kumtafuta mtoto wake, akauliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza bei ya sukari: "Kwani hawakutoa kopi?"

Kibanda kikacheka. Kisha kikaacha kucheka. Mwenye kibanda akasimamisha diski, jambo ambalo hakulifanya hata mpira ulipokuwa unaendelea jirani, na mjadala ukaanza. Wengine walisema Wamarekani hawawezi kuwa wajinga hivyo, lazima kopi ipo. Wengine wakasema hata ingekuwepo kopi mia, Rais ni Rais. Ndipo fundi baiskeli mmoja wa makamo akasema maneno ambayo sijayasahau.

"Nyinyi mnacheka sinema. Mimi Desemba nilikuwa wakala kituoni. Tulihesabu, nikatia sahihi fomu, nikapewa nakala. Ninayo nyumbani kwenye sanduku, pamoja na kadi ya ubatizo. Mpaka leo hakuna aliyekuja kuniuliza imeandikwa nini."

Hakuna aliyemjibu. Diski ikaendelea.

Kumbukeni ilikuwa Aprili 2008. Uchaguzi ulikuwa umefanyika tarehe 27 Desemba 2007, matokeo ya urais yakatangazwa tarehe 30, na jioni hiyohiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Ghasia zilizofuata ziliua zaidi ya watu 1,100. Mkataba wa kugawana madaraka ulikuwa umetiwa sahihi Februari 28. Septemba ya mwaka huo Tume ya Kriegler ingesema kwamba kumbukumbu za matokeo zilikuwa zimeharibika kiasi kwamba hakuna anayeweza kuzitumia kujua matokeo ya kweli. Lakini wakati tunatazama, ripoti hiyo haikuwepo. Kulikuwa na fundi baiskeli na sanduku lake.

Wamarekani wengi walipomtazama Logan mwaka 2006 walimwona Richard Nixon, na haki yao. Gregory Itzin, aliyemwigiza, alifanana naye usoni, na Nixon naye alikuwa na kisa cha rekodi: kanda ya Juni 20, 1972 ilikutwa na dakika 18 na nusu zilizofutwa. Kwao hadithi ya kufuta ushahidi ilikuwa kumbukumbu ya wazazi wao, na ilikuwa na mwisho unaojulikana, maana Nixon alijiuzulu Agosti 1974. Sisi tulikuwa katikati ya hadithi yetu na hatukujua inaishaje. Nadhani ndiyo maana kandambili ilirushwa.

Mwisho wa msimu nimeutazama tena mwezi huu, safari hii kwa jicho la mtu wa programu, nikagundua kitu ambacho utotoni kilinipita. Logan ananaswa hatimaye, na hanaswi na ule ushahidi wa kwanza. Jack anamtegea kinasa sauti kidogo ndani ya kalamu. Rais anapogombana na mkewe Martha anakiri mambo yake, na maneno yanarushwa palepale mpaka kwenye masikio ya mwanasheria mkuu. Yaani rekodi ya kwanza ilikaa mahali pamoja, mkono mmoja ukatosha kuifuta. Ya pili ilishafika kwa wengine kabla mtu hajajua kwamba ipo. Mama wa mandazi alikuwa ametoa suluhisho sehemu tatu mapema.

Na sasa sikilizeni hili. Wakati sisi tunapiga kelele "ushahidi, ushahidi" Matuu, neno hilohilo lilikuwa limeshakuwa jina la programu. Januari 2008, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walijenga, kwa siku chache tu, mfumo wa kupokea taarifa za ghasia kwa SMS na kwa mtandao na kuziweka kwenye ramani. Wakauita Ushahidi. Mwaka 2010 ulitumika baada ya tetemeko la Haiti. Mimi nilikuja kuusoma msimbo wake nikiwa chuoni, na kitu cha kwanza nilichokumbuka ni harufu ya kile kibanda. Wazo lao ni lile la kalamu ya Jack: usingoje mtu mmoja atunze ushahidi, utoe mikononi mwa mmoja uende kwa wengi.

Hata Jaji Waki alilijua hilo bila kompyuta. Tume yake ya 2008 ilitia majina ya washukiwa kwenye bahasha iliyofungwa na kumkabidhi Kofi Annan, ambaye Julai 2009 aliipeleka kwa mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Hiyo ndiyo tunaita nakala iliyowekwa mbali.

Somo tulilirudia mwaka 2017. Nchi nzima ilijifunza neno "seva". Mahakama ya Juu iliamuru mitambo ya tume ikaguliwe, tume haikutimiza amri hiyo kikamilifu, na tarehe 1 Septemba majaji wanne dhidi ya wawili wakabatilisha uchaguzi wa urais. Mlango mmoja, ufunguo mmoja, tukarudi palepale kwa Miles.

Mwaka 2022 mambo yalibadilika. Fomu za 34A kutoka vituo 46,229 ziliwekwa kwenye tovuti ya tume ili yeyote azipakue. Niliandika programu ndogo ya kuzishusha, kama walivyofanya vijana wengi, nikajumlisha mwenyewe usiku kucha. Ubishi haukuisha. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo, kesi ikaenda Mahakama ya Juu, na tarehe 5 Septemba ikayathibitisha. Hata hivyo kulikuwa na tofauti kubwa: safari hii watu walibishana huku kila mmoja ameshika karatasi ileile.

Nilizishusha pia fomu za vituo vya kwetu. Nikampigia simu kaka yangu, aliyenipeleka kibandani mwaka ule (na tulichapwa wote wawili kwa kurudi usiku), nikamwuliza habari za yule fundi baiskeli. Akasema mzee alifariki miaka kadhaa iliyopita. Sanduku hajui lilikwenda wapi.

Basi hiyo fomu yake imepotea. Nakala moja, sanduku moja. Huwa naifikiria kila ninapoona kompyuta chini ya meza.

Kanuni yenyewe ni fupi, iandikeni ukutani: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, na moja iwe mbali na nyumbani. Mteja wangu nimeshamfungia hivyo. Ameuliza kama ni lazima zote tatu. Nikamwambia aulize Matuu.

Wiki ijayo, hifadhidata, naahidi. Na wewe uliyeitazama sehemu hiyo mahali pengine, Kitui, Tanga, Mbarara, hata Muscat, kibanda chenu kilisema nini Miles alipobonyeza? Niandikie. Nitaweka nakala.