Lutindi, Miaka 130 Juu ya Korogwe

Ukitoka Korogwe kwa barabara ya Moshi, milima ya Usambara ya Magharibi inakuandama upande wa kulia. Huko juu, bado ndani ya Wilaya ya Korogwe, ipo Lutindi, hospitali ya magonjwa ya akili ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Mwaka 2026 inatimiza miaka 130. Mwenye kuhesabu vizuri, hata hivyo, atagundua kwamba miaka minane ya mwanzo haikuwa hospitali hata kidogo. Ilikuwa nyumba ya watoto wasio na kwao.

Nyumba hiyo haieleweki bila kuizungumzia njaa. Uzigua, ambayo sehemu yake kubwa leo ni Handeni na Kilindi, ni nchi ya mvua za kubahatisha. Zikikosa misimu miwili mfululizo, ghala hubaki na panya tu. Hapo zamani kinga ya njaa ilikuwa watu: mjomba, shemeji, mkwe, na juu yao mkubwa wa kijiji mwenye akiba na mifugo, aliyewalisha watu wake ili waendelee kuwa watu wake. Mwenye ndugu wengi alishinda na njaa. Asiye na ndugu alikufa kwa njaa. Hali ilipozidi, mtoto aliwekwa rehani kwa mwenye nafaka, kwa ahadi kwamba angekombolewa baada ya mavuno. Ila biashara ya watumwa ilipopamba moto pwani katika karne ya 19, ahadi ile ilikosa nguvu. Rehani wengi waliishia Pangani na Saadani, na kutoka hapo wakavushwa bahari.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha njaa inaweza kumfikisha mtu wapi. Katika miaka ya 1830 Wazigua waliokimbia ukame walipakiwa majahazini hadi pwani ya Somalia, wakauzwa huko. Vizazi vyao vikaweka makazi katika bonde la mto Juba, na lugha ya Kizigua haikuwatoka kinywani. Vita vilipoivunja Somalia mwaka 1991, baadhi yao wakarudi kwa njia ile ile ya bahari. Serikali ya Tanzania iliwapokea Mkuyu, kisha wakahamishiwa makazi ya Chogo, yote Handeni. Zaidi ya miaka 150 baadaye, wilaya ile ile iliyoshindwa kuwalisha babu zao ndiyo iliyowapa wajukuu ardhi ya kulima.

Upande wa milimani mambo hayakuwa nafuu. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wakilindi, alipofariki mwaka 1862, warithi wake waligeukiana kwa vita, na mateka wakabadilishwa kwa bunduki na baruti. Mazinde, kwa mmoja wa warithi hao, Semboja, palikuwa kituo kikubwa cha misafara ya bonde la Pangani. Ukaja muongo wa 1890 na balaa zake zilizofuatana: sotoka iliyomaliza ng'ombe, nzige, Wajerumani na kodi yao, halafu ukame mkali wa 1898 hadi 1900. Watoto waliotenganishwa na jamaa zao katika vurugu hizo hawakuwa wachache.

Huko Ujerumani, mwaka 1893, Waprotestanti walianzisha Chama cha Kiinjili cha Afrika, lengo lake kupambana na biashara ya watumwa. Chama hicho ndicho kilichofungua Lutindi mwaka 1896, miaka mitano tu baada ya wamisionari wa Bethel kuanza kazi Mlalo. Watoto walionyang'anywa wafanyabiashara walipelekwa huko. Tusiwapambe wakoloni kwa hili: serikali yao haikufuta utumwa. Tangazo lao la 1904 lilisema tu kwamba watakaozaliwa na watumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watahesabiwa kuwa huru, na utumwa wenyewe ulikuja kufutwa Tanganyika na Waingereza mwaka 1922. Lakini mtoto aliyekamatwa njiani hakuweza kusubiri sheria. Cheti cha uhuru kilimwondolea bwana, hakikumpa mama. Akikiweka mfukoni na kuondoka, njaa ingemrudisha kwa bwana mwingine kabla ya mwezi kuandama.

Lutindi ilimpa kitanda, sahani, shule, sala na jembe. Kwa kiasi fulani ilifanya kazi ya yule mkubwa wa kijiji wa Uzigua: ilimlisha mtu, na mtu akawa wake. Watoto walikulia katika dini ya waliowalea, chini ya amri zao, wala hakuna aliyewauliza kama ndivyo wanavyotaka. Naliandika hili kwa sababu historia za maadhimisho huwa na haraka ya kushukuru.

Baada ya miaka michache idadi ya watoto ilianza kupungua, huku serikali ikiwa na shida nyingine. Wagonjwa wa akili waliookotwa mijini na kwenye mashamba ya wazungu waliwekwa gerezani, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuwaweka. Mwaka 1904 Lutindi ikageuzwa kuwa makao yao, ya kwanza ya aina yake katika Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Mabadiliko haya yalikuwa na mizizi yake Bielefeld, Ujerumani, kwao wale wamisionari wa Bethel. Makao ya Bethel yalianza huko mwaka 1867 kwa ajili ya wenye kifafa, na tangu 1872 yaliongozwa na mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Mtu huyu hakuhangaika na kifafa peke yake. Ujerumani ya wakati wake ilijaa wanaume wasio na makazi, waliotembea mji hadi mji wakiomba kazi na mkate. Mwaka 1882 aliwafungulia Wilhelmsdorf, mahali ambapo mpita njia hakutupiwa sarafu mlangoni bali alipewa shamba la kufanyia kazi, kitanda na chakula cha jioni. Mawazo hayo mawili, la mgonjwa anayekaa katika jamaa na la maskini anayekula jasho lake, ndiyo yaliyopanda mlima hadi Lutindi. Mgonjwa alilima, alipasua kuni, alichunga. Wakati huo dawa za kutuliza akili zilikuwa bado nusu karne mbele, kwa hiyo siku yenye mpangilio, tumbo lililoshiba na kazi ya mikono vilikuwa karibu tiba yote iliyokuwepo. Vilikuwa pia njia ya kuendesha nyumba kwa gharama ndogo, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Vita viwili vya dunia nitavipita mbio. Juni 1916 majeshi ya Waingereza yalishuka bonde la Pangani, na kabla ya mwezi kwisha Korogwe na Handeni zote zilikuwa mikononi mwao. Wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa, wakarudi miaka ya 1920, na vita vya pili vikawaondoa tena. Mara zote mbili waliobaki kushika makanisa na shule za Usambara walikuwa walimu na wachungaji wenyeji.

Lililobadilisha zaidi sura ya wilaya ni mkonge. Reli ya Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, na mashamba yakaifuata. Manamba waliletwa kutoka kusini na magharibi ya nchi, na wengine kutoka nje ya mipaka. Manamba akiugua akili, nani angemchukua? Kwao kulikuwa safari ya siku nyingi, na kambini alihesabiwa kwa kipande chake cha kazi. Bei ya mkonge ilipoporomoka miaka ya 1960 na mashamba mengi kufa baadaye, walibaki wazee waliosahau njia ya kwao. Nchi iliyotengeneza watu wasio na ndugu kwa njia ya njaa ilikuwa sasa inawatengeneza kwa njia ya ajira.

KKKT ilipoundwa tarehe 19 Juni 1963, Lutindi ikawa mali ya kanisa lenye viongozi Waafrika. Upande wa Usambara jina kubwa la kipindi hicho ni Askofu Sebastian Kolowa, aliyekuja kuwa Mkuu wa KKKT kuanzia 1976 hadi 1992. Misheni ya Bethel yenyewe iliungana na wenzake mwaka 1971 kuunda Vereinte Evangelische Mission, na mwaka 1996, Lutindi ikiwa imetimiza miaka 100, umoja huo uligeuzwa kuwa ushirika wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani. Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ikaingia kama mwanachama, si kama shamba la misheni. Msaada wa Wajerumani haukukoma, ila sasa anayepokea naye ana kiti mezani.

Lutindi haiko peke yake. Kule Handeni, Waanglikana wana Hospitali ya Mtakatifu Francis Kwa Mkono pamoja na hosteli ya watoto wenye ulemavu. Tena Tanga ni mkoa wenye Waislamu wengi, ambako zaka na futari ya Ramadhani humfikia maskini bila ubao wa taasisi yoyote. Anayeletwa mlangoni Lutindi haulizwi anasali wapi.

Siku hizi kuna vidonge na sindano, na wagonjwa wengi hutulia. Mashamba na karakana bado vinafanya kazi, na mlimani humo chai ya Lutindi inachumwa. Ugumu umehamia kwenye kumrudisha mtu nyumbani. Nauli hupatikana, na afisa ustawi wa jamii anaweza kuitafuta familia kwa simu. Lakini kaka amekwishajenga kwenye kiwanja, mke ameolewa kwingine, na majirani wanakumbuka siku ile alipokamatwa na kufungwa kamba. Dawa nazo zahitaji chakula: mtu akizimeza bila kula huzitupa baada ya wiki, na baada ya miezi michache yuko tena stendi ya Korogwe akilala chini ya meza za wauza machungwa. Hivyo dayosisi inabaki na mzigo ambao bajeti ya hospitali haikuupangia fungu, wa watu waliokwisha kupata nafuu lakini hawana pa kwenda, na ambao wanahitaji nyumba, unga na mtu wa kuwaamsha asubuhi waende kuchuma chai.